Mtandao wa Kibomet hauna mkubwa

Mdogo wangu Nasimiyu, bado unagombana na kuku za jirani huko Myanga? Mimi hapa Kitale nacheka mpaka mbavu zinauma. Mjukuu wetu Nanjala na wamama wa mtaa wetu wa Kibomet wametengeneza mtandao wao, ati hauna mkubwa, kila nyumba na kompyuta yake. Sasa tapeli akaweka picha yangu humo, anauza dawa ya kurudisha bwana! Mimi, mama wa kanisa!

"Mtoe," nikamwambia Nanjala.

"Kukhu, mimi namfungia kwetu tu. Kila nyumba lazima ifunge yake."

Nikajifunga leso, nikaenda mlango kwa mlango nikigomba mpaka wakamfungia. Wa mwisho akaninong'oneza, "Kukhu, kabla sijamfungia, dawa iko?"

Bana! Na bwana wangu mwenyewe alihamia Saboti, sijamtafuta!

Kula vizuri, mkaidi wangu.

Dadako