Meno ya Muda

Lyulilo, Matema
Jumatatu

Kaka yangu mpendwa Gideoni,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. Naomba barua hii ikukute mzima, na kazi za machimbo huko Geita zikikuendea vyema. Sisi huku, nikisema hatujambo nitakuwa namdanganya ndugu yangu wa tumbo moja. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimempa Yusto, mtoto wa shangazi, akuletee mkononi.

Kaka, Mama anaumwa. Ni yale meno matatu ya mbele uliyompeleka kuwekewa Kyela kabla hujaondoka. Unakumbuka daktari alisema ni ya muda, plastiki tu, mpaka apate ya kudumu. Mama, na Kiswahili chake cha kuokoteza sokoni, akaja kuwatangazia wafinyanzi wenzake kwamba amewekewa meno ya muda, yaani ya kukaa muda mrefu! Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Huu ni mwaka wa sita yamo kinywani.

Yalipopasuka mara ya kwanza hakumwambia mtu. Aliyaunga kwa supagluu, akalainisha ufa kwa kijiwe kile kile cha kusugulia vyungu. Nilipogundua nikamkokota hadi Kyela. Daktari Doreen aliyatoa, akayasafisha, akajazia plastiki mpya palipovunjika, akayabandika tena. Lakini alinionya kwamba hayawezi kuendelea kuungwa milele, na kwamba meno mawili yanayoyashikilia yameanza kuoza kwa chini. Mama aliitikia ndiyo, ndiyo. Tulipofika nyumbani akasema harudi tena kule.

Sasa yamelegea na usaha umeingia. Shavu limevimba hadi jicho limeziba, hata uji anaumeza kwa shida. Nimempigia Doreen simu, anasema yatolewe kabla ya Jumapili, na yale mabovu yang'olewe, la sivyo uvimbe utashuka shingoni umzibe pumzi. Mama anafumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Mchungaji amekuja kumsihi, Diana mwanangu amelia miguuni pake, wapi! Nimechoka, kaka, na naogopa. Jana nilimfokea mama yangu mzazi kwamba atakufa kwa kutojua Kiswahili.

Ndipo akanijibu, mkono shavuni. Alisema Kiswahili anakijua. Siku ile mkitoka Kyela ulimwahidi kwamba utarudi wewe mwenyewe umpeleke kuwekewa ya kudumu, naye akaelewa kwamba muda ni mpaka urudi. Yale aliyowatangazia wafinyanzi aliyasema makusudi, watu wacheke, wasimuulize mwanawe anakuja lini. Akikubali yatolewe haya, anasema, atakuwa amekubali kwamba huji.

Njoo, kaka. Nakuomba kwa machozi, njoo na nguo ulizovaa. Na kama huji, basi chukua simu ya Yusto hapo hapo ulipo, umwambie Mama kwa kinywa chako kwamba huji, ili afumbue chake.

Diana anakuamkia, shikamoo mjomba. Mama hajui kwamba nimekuandikia. Ndaga, asante kaka, Mungu akutangulie njiani.

Mdogo wako,
Damari