Kidole cha Shahada Kinanigomea

Shume, Alhamisi jioni, 1954

Bado kinagoma. Nikikilaza juu ya nyuzi zote sita za hili gitaa nililouziwa na Mgiriki mwenye shamba la mkonge, mbili zinalia, nne zinakufa. Nikihamia sauti inayofuata, wimbo unasimama kuningoja.

Keshokutwa dada Marta anaolewa, nami nimeahidi kumpigia.

Leo nimemdanganya. Nimemwambia nimeumia mkono kiwandani, kwenye mbao. Akaushika, akaugeuza, akaona ncha za vidole zilivyochubuliwa na nyuzi.

"Hii si kazi ya msumeno, Elia," akasema. "Wewe piga hivyo hivyo. Ukikwama, sisi tutaimba mpaka ufike."

Nimeona aibu, lakini nimepumua. Sasa nalichukua tena gitaa. Marta hajui ninakwama mara ngapi.