Mpaka pa Mkono

Jumatatu, 9 Juni

Doa limerudi. Lile lile la ukutani, nyuma ya meza ya kukatia — na sasa linatoa jasho. Nimeligusa, kidole kikateleza. Mafuta! Kitambaa cheupe cha bi harusi nilichokuwa nimekiegemeza pale kimepata alama ya njano, kubwa kama kiganja. Mwenyewe anakuja kupima Ijumaa.

Nimeshuka kwa shemeji. Mgahawa ni wake, uko chini. Mimi niko juu yake na mafundi wangu wawili na vyerehani. Bomba la moshi wa jiko lake linapita ndani ya ukuta wangu, linapinda kona, linakwenda paani. Jengo waliachiwa na baba yao, yeye na mume wangu. Kwa hiyo huyu si mwenye nyumba tu, ni kaka wa mume. Adui wa namna hii hata kumhama huwezi.

Akanipeleka jikoni kunionyesha ile kofia ya chuma iliyo juu ya majiko. Inang'aa, unaweza kujipaka wanja ukijitazama. Shemeji, anasema, tumesafisha juzi tu, bomba liko bomba! Akacheka mwenyewe. Wapishi wakacheka kwa sababu ni bosi. Mimi sikucheka. Nitaingia kaburini sijacheka mzaha wa yule mtu.

Jumatano, 11 Juni

Mpishi mkuu amepanda na suruali yake, zipu imeng'oka. Mtu wa maneno mengi, na leo nimemwacha aseme. Nikamuuliza, hilo bomba mnalisafishaje?

Akaeleza kwa fahari. Wanatoa vichujio, wanavilowesha kwenye maji moto na magadi. Wanafuta kofia. Halafu yule mrefu wao anapanda kwenye ngazi, anaingiza mkono na kitambaa ndani ya bomba, mpaka bega linagota. Hapo wanasema wamemaliza. Wenyewe wanapaita pa mkono.

"Na juu ya pa mkono?"

"Juu ya hapo pa Mungu, mama."

Bila aibu kabisa! Tangu aajiriwe hajawahi kuona mtu akisafisha pa Mungu. Nimemshonea zipu kimya kimya. Mafuta yanapanda na moshi, yanaganda huko juu siku baada ya siku, na kona yote iko hapa, nyuma ya mgongo wa dada wa overloki, yule fundi wangu wa kupiga pindo. Mwali mmoja tu ukiruka kwenye kikaango, feni yao ya kuvuta moshi ikauvuta, yatawaka humo ndani ya chuma. Na sisi tumekaa huku na marobota ya vitambaa, tumeegemea ukuta.

Nimemwambia Baba Watoto wakati wa kula. Akasema ataongea na kaka. Ataongea na kaka! Mwanamume huyu anataka kuongea na kaka yake tangu alipolipa mahari.

Alhamisi, 12 Juni

Shemeji amepanda mwenyewe. Nikajua amekuja kukagua. Kumbe mkononi ana kopo la rangi! Rangi ya mafuta, eti tupake mara mbili tu na doa halitaonekana tena. Mafuta yanafichwa kwa rangi ya mafuta. Hata kuchagua uongo hajui.

Nikamuuliza, hakuna mahali pa kufungulia bomba hili, watu wakaingia ndani wakakwangua? Akajibu kama mtu anayesimulia habari za mvua. Kipo kidirisha cha chuma, pale pale kwenye kona. Kiko nyuma ya ubao huu wa jipsamu. Alikifunika mwenyewe wakati ananitengenezea chumba, maana kilikuwa kinaharibu sura ya ukuta.

Ukuta huu! Nimeusifia mbele za watu. Nimemshukuru kwa ajili yake, nimempelekea na keki. Nikamwambia basi tuvunje, leo. Akasema vumbi litashuka kwa wateja, tungoje biashara ipoe kidogo. Akaanza kufungua kopo.

Hapo sijui nini kilinipanda. Nimemtoa na kopo lake hadi kwenye ngazi. "Hutakanyaga tena chumba hiki! Wewe wala mtu wako yeyote, awe na brashi awe na nyundo!" Nimepiga kelele mpaka chini wameacha kula. Nimerudi nimekaa, roho kwatu. Tamu. Sijutii hata neno moja.

Jumamosi, 14 Juni

Bi harusi amekwenda kwa fundi mwingine. Alikuja jana, akanusa kitambaa, akasema atanipigia. Hatanipigia.

Mama mkwe ndiye aliyepiga. Mwanangu, mambo ya ndani hayaanikwi nje. Nikamjibu, mama, haya ya ndani yako ndani ya ukuta, yanajianika yenyewe. Hakupenda. Kumbe mwanawe mkubwa amemlilia kwamba nimemfukuza kwenye nyumba ya baba yake, mbele ya wateja. Mkubwa hafukuzwi, anasema. Nikamuuliza, amekwambia habari za mafuta? Mafuta gani, akauliza.

Baba Watoto alikuwa amekaa pembeni, anasikia yote. Akatazama sahani yake. Sijui anaona nini kwenye ile sahani.

Jumanne, 17 Juni

Siku mbaya. Niiandike yote kabla hasira haijaipindisha.

Mkaguzi wa zimamoto amekuja, anapita jengo kwa jengo. Mama mfupi, viatu vizito, sauti ya chini. Jikoni hakukaa sana. Shemeji akamleta juu, wapishi nyuma yao kama msafara. Wakafika mlangoni kwangu — na shemeji akasimama. Hakuvuka kizingiti. Akakunja mikono mbele kama mgeni mwenye adabu.

"Afande, pa kusafishia bomba ni humu. Nimetaka pafunguliwe. Mpangaji amekataa."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akaendelea, amenikataza nisikanyage, mimi na mtu wangu yeyote, mwenye brashi au mwenye nyundo. Jengo zima lilimsikia. Akamgeukia mpishi mkuu. Mpishi akatazama chini, akasema ni kweli afande, tulisikia.

Maneno yangu! Neno kwa neno, hata nyundo hakuisahau. Mdomo huponza kichwa, na wangu umeniponza nikiwa najisifu. Mtu amefunika kidirisha kwa mkono wake, mimi nikampa kufuli. Nikajisikia kama nimeshona nguo nzuri, kisha anaivaa yeye.

Mkaguzi akaniuliza kwa upole, mama, ni kweli? Nikasema kweli nilimfukuza, lakini alikuja na kopo la rangi, siyo nyundo. Na sasa nasema vunja, afande, hata dakika hii, nitasogeza meza mwenyewe. Shemeji akaruka. Siyo sasa, kuna wateja wa mchana, na bomba tumelisafisha majuzi, lote!

Mkaguzi hakubishana naye. Akamuuliza mpishi mkuu mnasafisha mpaka wapi. Maskini, akafurahi kuulizwa kitu anachokijua. Akavuta kifua.

"Mpaka pa mkono, afande. Tena mkono wa mrefu wetu."

Nani aliyekohoa, sijui. Shemeji alikuwa anatazama dari.

Amri: majiko yazimwe. Ukuta uvunjwe. Waje watu wa kazi hiyo walikwangue bomba lote mpaka paani, kisha yeye atarudi kutazama. Kabla ya hapo moto hauwashwi. Wakati wanashuka shemeji amenipita karibu, akasema taratibu, umefurahi? Nikamwambia sana.

Si kweli. Sijafurahi. Baba Watoto alikuwepo muda wote, amesimama kando ya kabati la nyuzi, na hakuna aliyemuuliza kitu, naye hakusema kitu. Anajua nani alifunika kile kidirisha. Alimshikia kaka yake jipsamu wakati anapigilia, ameniambia mwenyewe leo, kitandani, amenipa mgongo.

Alhamisi, 19 Juni

Asubuhi wamevunja. Vumbi jeupe kila mahali, vyerehani nimevifunika mashuka. Kidirisha kilikuwepo kweli, kimeshikwa kwa skrubu. Fundi amekifungua, akaweka kifuniko chini. Ndani ni kama lami. Amechomeka mwiko wake na umesimama wenyewe bila kushikwa. Dada wa overloki ameangalia mara moja akaenda kukaa kwenye ngazi. Miaka yote mgongo wake ulikuwa hapo. Wakwanguaji wanakuja kesho. Fundi amesema pasifungwe, pakae wazi, na moto usiwashwe.

Mchana

Feni imewashwa. Nimeisikia kabla ya kuamini — mngurumo, halafu nyuzi zilizoko sakafuni zikaanza kutembea. Zinakwenda ukutani moja moja, zinaingia kwenye kile kidirisha, zinanata kwenye mafuta. Shemeji amewasha majiko! Ana karamu ya watu wa ofisi fulani, alishawaahidi. Nimewatoa mafundi wangu nje, mpaka ng'ambo ya barabara. Nimesukuma marobota mlangoni, nimefagia nyuzi zote. Mkaguzi nimempata kwenye simu. Yuko mbali, anakuja, amesema nisikubali pafungwe.

Maana ndicho wanachotaka. Kidirisha kikiwa wazi feni inavuta hewa ya kwangu badala ya moshi wao. Jiko limejaa moshi, wageni wanakohoa, mlango wa nyuma umeachwa wazi. Pakiwa wazi hapapikiki. Nimebeba kiti, nimekaa mbele ya tundu. Upepo unanivuta mtandio kwa nyuma.

Aliyetumwa kufunga ni Baba Watoto.

Ameingia na bisibisi, skrubu ameziweka kwenye mfuko wa shati. Akaokota kifuniko. Kaka anasema ni kwa leo tu, anasema, wakimaliza kula wanazima. Nikamuuliza, wewe unasemaje? Nipishe, mama. Nikamwambia sikuuliza kaka anasemaje, anayosema kaka nayasikia tangu nimeolewa. Moto ukiingia humu, watakaoungua mgongo ni wale wawili walioko barabarani. Na mimi. Mkeo.

Amegeuza bisibisi mkononi. Nami sitaki kumtazama, nitalia, na nikilia atadhani ameshinda. Kwa hiyo nimetoa daftari naandika. Ajue sina haraka.

Amesimama hapo. Kifuniko mkono huu, bisibisi mkono huu. Viatu vyake vimejaa vumbi la jipsamu. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa inapanda kwenye ngazi, na moshi nyuma yake.

Shemeji anamwita kutoka chini. Kwa lile jina lake la utotoni, analomwita akitaka kumtuma kitu. Vipi huko, mbona bado? Akiitwa hivyo mume wangu huitika kabla jina halijaisha, hata akiwa na chakula mdomoni.

Ameitwa tena. Mara ya tatu sasa, na hatua zinapanda ngazi.

Bado hajaitika.