Tumbawe Lako Limefunguka

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Kile kikohozi kimekuacha? Sisi wazima; Mama analalamikia magoti, lakini tukienda sokoni anatuacha nyuma sote. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungepiga kelele kabla sijafika mwisho.

Basi pumua: tumbawe lako la kwenye tangi la samaki ni zima. Natanguliza hilo kwa sababu lilitutoa jasho. Ulipoondoka tu lilijikunja, likagoma kufungua vile vidole vyake, halafu likaanza kupauka. Nikapunguza taa, nikasafisha chujio, nikamsingizia hata yule samaki wako mwenye mistari kwamba analidonoa. Wapi! Kila asubuhi jeupe zaidi, nami najiuliza uso wangu nitauweka wapi.

Muuza samaki wa mapambo akanishauri nipime chumvi. Lo, imepanda kupita kiasi! Akanieleza kwamba maji yakikauka tangini chumvi hubaki, ndiyo maana tunajazia maji yasiyo na chumvi. Nikamwambia mimi sijajazia chochote, kila nikiangalia tangi limejaa. Akacheka, akasema hakuna tangi lisilopungua.

Siku moja nikatoka kazini mapema, nikamkuta Baba sebuleni na jagi, anamimina taratibu kama anayemnywesha mtoto dawa. Ndiyo, Baba huyu huyu aliyekususia kwa sababu ulikwenda kufanya kazi mbali, akakataa hata kutoka chumbani kukuaga, akaliita tangi lako makorokoro. Kumbe kila tukitoka, anakoroga chumvi yako ya tangi kwenye maji na kujazia! Akanijibu kwa ukali kwamba kiumbe wa baharini hapewi maji ya bombani. Nilipomweleza, akakaa chini. Akauliza kama ameliua. Dada, sijawahi kumwona Baba akiogopa vile.

Tukapunguza chumvi kidogo kidogo, tukibadilisha maji kwa zamu. Jana likafunguka lote, na ile zambarau yake inarudi. Nilifurahi hadi nikamkumbatia Baba, naye akasahau kunisukuma.

Ndipo nikamuuliza kilichomhangaisha ni nini kwa makorokoro. Akasema likifa, hutakuwa na kitu cha kukurudisha nyumbani. Kisha akanikataza kabisa nisikwambie.

Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri. Na wewe mpigie Baba. Atajifanya hakusikii, endelea tu kuongea, simu hataikata.

Ni mimi mdogo wako,
Domokaya