Laini Niliyoitupa

Jumatatu, 3 Machi

Uji wa ulezi bila sukari. Sukari imeisha na sina hamu ya kutoka kuitafuta. Saa kumi na mbili asubuhi nimewasha laptopu kama kawaida yangu, nisome barua pepe kabla ya kwenda shule. Imekataa. Imekaa dakika arobaini ikizungusha kiduara na kunionya nisiizime, eti inajisasisha. Nani kaituma? Jana ilikuwa nzima.

Ilipofunguka ina sura mpya. Kila kitu kimehamishwa, kama nyumba iliyopangwa upya na wifi asiyekupenda. Barua pepe imenitoa nje. Inataka nenosiri. Mashine hii hii ndiyo iliyolikariri miaka saba, mimi sijaliandika tangu siku ya kwanza. Nimejaribu sita. Yote si sahihi.

Nimechelewa mstari wa asubuhi. Mwalimu mkuu kaitazama saa yake mbele ya watoto, kisha kanitazama mimi. Simpendi yule mtu. Nilikuwa simpendi hata kabla ya leo.

Jioni. Bado imefungwa. Niandike hapa nisije nikajidanganya kuwa ni jambo dogo. Ndani ya barua pepe hiyo kuna barua ya chuo, ilikuja Ijumaa. Nimekubaliwa. Miaka miwili, elimu ya watoto viziwi, kwa ufadhili. Natakiwa kubonyeza kiungo cha kuthibitisha kabla ya Ijumaa hii saa kumi jioni, la sivyo nafasi anapewa anayefuata. Nimeomba miaka minne mfululizo. Nina miaka arobaini na saba, na mwakani umri unanipita. Hakuna mwaka mwingine.

Kwa nini sikubonyeza Ijumaa ileile? Kwa sababu nilisema nitoe shukrani kanisani kwanza, Jumapili, halafu Jumatatu nithibitishe kwa baraka. Nimetoa shukrani. Mchungaji kanitaja mbele za watu, akina mama wamepiga vigelegele. Leo nimefungiwa mlango.

Jumanne, 4 Machi

Baada ya vipindi nimeibeba laptopu hadi Nkuhungu kwa Deo, fundi kompyuta. Kacheka kabla hata sijakaa. Kabonyeza mahali palipoandikwa umesahau nenosiri. Mashine ikasema itatuma tarakimu sita kwenye simu inayoishia na 47.

Nimeijua hiyo 47. Ni laini yangu ya zamani. Niliitumbukiza kwenye shimo la choo miaka sita iliyopita, siku niliyotoka nyumbani kwa mume wangu Yohana na begi moja. Wengine wakiachana na mtu wanachoma picha. Sisi tunatupa laini. Asikupate, na iwe mwisho. Tangu hapo nimeshatupa nyingine mbili, moja kwa ajili ya wifi, moja kwa ajili ya watu wa kikundi cha akina mama. Barua pepe sikuikumbuka hata mara moja.

Deo kaniambia namba ikikaa muda bila kutumika kampuni inaiuza kwa mtu mwingine. Nikapiga. Ikaita! Kapokea mwanamke, sauti ya mtu mzima. Nikamwambia harakaharaka kuwa utaingia ujumbe wenye tarakimu sita, anisomee.

Kaniita tapeli. Kaniuliza kama sioni haya hata mwezi wa Ramadhani. Kakata.

Nikamwambia Deo atume tena zile tarakimu. Nikapiga tena. Kakata. Atume tena. Deo akasema mama, acha. Nikamwambia atume, mashine ni yangu. Tumetuma mara tisa. Mwishowe yule mwanamke kazima simu kabisa, na Deo kanirudishia laptopu yangu bila kunitazama usoni.

Cha kuudhi zaidi ni kwamba yuko sahihi. Redioni wanasema kila siku: usimpe mtu tarakimu zilizoingia kwenye simu yako. Mimi mwenyewe nimewafundisha darasa la sita hivyo hivyo, nikawaimbisha.

Chuo nimewapigia pia. Binti kasema anwani haibadilishwi baada ya uteuzi, tafadhali tumia barua pepe yako. Tafadhali! Nilitamani nimfikie kupitia waya.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Sikwenda kanisani na sijuti.

Nilipiga saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikijua watakuwa wametoka kula daku. Kapokea. Nikaanza na shikamoo. Kaitikia marahaba kwa mdomo wa pembeni. Nikajitaja: Mwalimu Nyemo, nafundisha Miyuji, Dodoma, laini hii ilikuwa yangu. Kasema matapeli wote siku hizi ni walimu au wachungaji. Nikamwambia ni lazima anisaidie. Kasema hana lazima yoyote na mimi. Tukazozana mpaka salio likakaribia kukata. Ndipo akasema, "Mimi ni Bi Hadija wa Busi. Kama wewe ni mtu kweli, njoo nikuone uso. Kwenye simu sisomi kitu."

Busi! Kondoa huko, na mvua hizi.

Nimemwandikia mwalimu mkuu kuwa naumwa. Basi la Kondoa, kisha bodaboda. Barabara imegeuka tope jekundu, mara mbili nimeshuka kusukuma pikipiki niliyoilipia. Laptopu nimeibeba kifuani, nimeifunga na kitenge. Nimefika saa tisa alasiri nikiwa na matope hadi magotini na hasira hadi kooni.

Bi Hadija ni mfupi, kavuka sitini. Mjane. Alikuwa kwenye mkeka barazani anachambua maharage. Hakusema karibu. Kasema, "Kitambulisho." Kakiangalia, kaniangalia mimi, kakiangalia tena. "Umenenepa," akasema. Ndipo akanisogezea kigoda.

Nimefungua laptopu, nimechomeka modemu, mtandao umekuja kwa kusuasua. Nimebonyeza. Mashine ikajibu: umeomba mara nyingi mno, subiri saa ishirini na nne. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Nimepiga kelele. Nimeitukana mashine kwa Kigogo, matusi niliyodhani nimeyasahau. Bi Hadija kasema nipunguze sauti, watu wamefunga. Majirani wamechungulia juu ya ua. Nikawatazama mpaka wakaondoka.

Nitalala hapa. Hakunikaribisha. Kasema tu kwamba bodaboda hawarudi barabarani mvua ikinyesha, na chumba cha uani kina kitanda.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi kaniwekea uji jikoni, kafunika na sahani. "Wewe hujafunga, kunywa." Nimekunywa nikiwa nimenuna. Una sukari ya kutosha.

Siku ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Hazungumzi bila kunisahihisha. Nakalia mkeka vibaya. Nafagia ua kwa kinyume. Nimemchambulia maharage, kayarudia yote mbele ya macho yangu. Mimi nimefundisha watoto miaka ishirini na mbili, leo nafundishwa kutoa mawe kwenye maharage.

Saa nane na nusu mchana nimeshindwa kuvumilia. Ilibaki saa moja tu. Nilijiambia mashine haiwezi kuwa makini kiasi hicho. Bi Hadija alisema, "Iache. Umeambiwa muda, ngoja muda." Kwa kuwa kasema yeye, nikabonyeza.

Saa ishirini na nne, upya. Yaani mpaka kesho saa nane na nusu, na mwisho wa kuthibitisha ni saa kumi.

Hakunifokea. Ingekuwa afadhali. Kainyanyua laptopu kutoka mapajani mwangu, kaiingiza kwenye kabati la vyombo, kafunga, kaufundika ufunguo kwenye pindo la kanga. Nikamwambia hana haki. Kasema anajua.

Jioni, akikaanga vitunguu vya futari, kaanza kuniambia mambo. Sikumuuliza. Kasema tangu anunue laini hii, miaka mitano, watu wamekuwa wakinitafuta humo. Yohana kapiga mara nne, mara ya nne Bi Hadija kamwambia akome la sivyo atamsomea dua mbaya. Hapo nimecheka, ndiyo mara ya kwanza wiki hii.

Halafu akasema, "Na kuna mama Lameki."

Nikaacha kucheka.

"Alipiga mara tatu. Anasema mtoto wake hasikii, amemaliza la saba, mwalimu alimwandikia namba kwenye daftari, sasa ampeleke wapi? Nikamwambia mama, mimi si mwalimu, sijui. Mara ya tatu hakusema kitu. Alikuwa anahema tu, kisha akakata."

Lameki alikuwa mwanafunzi wangu kule Bahi, kabla sijahamishiwa Miyuji. Kiziwi. Alikaa dawati la nyuma miaka mitatu akinitazama mdomo, na mimi sikujua hata namna ya kumwambia habari za asubuhi. Namba niliandika mimi, kwa wino mwekundu: akimaliza nipigieni, nitawatafutia shule. Nikadhani hawakupiga. Miaka yote hii nimekuwa nikisema ofisini kwa walimu kwamba wazazi wa vijijini hawajali, namtolea mfano mama Lameki, kwamba kamfanya mtoto mchunga mbuzi na hakunipigia hata siku moja. Nimelisema hilo mpaka kwenye barua yangu ya kuomba chuo. Lipo, aya ya pili.

Bi Hadija kasema, "Wewe ukikasirikia mtu mmoja unatupa laini nzima. Wengine wakutafute wapi?"

Nimemchukia kwa kusema vile. Futari ilikuwa mihogo ya nazi na maharage, nimekula nikiwa nimeinamisha kichwa.

Ijumaa, 7 Machi

Mwisho ni leo.

Saa nne. Nimefua nguo zangu na zake. Hakuniambia nifue.

Saa sita na nusu. Kaenda msikitini, kaondoka na simu, kaondoka na ufunguo. Nimelitazama kabati. Nimepima mlango wake kwa mkono. Nimekaa chini.

Saa nane. Hajarudi. Akifa njiani leo sitamsamehe.

Saa nane na nusu. Karudi, kakaa, kavua viatu taratibu. Nimesimama mbele yake. Kasema tuongeze robo saa, mashine hii haina adabu. Robo saa! Nimemwambia kwa sauti kwamba maisha yangu yote yapo ndani ya kabati lake la vyombo. Kasema basi yatakaa robo saa na sahani. Nilitamani kumsukuma, mtu mzima, mwenye saumu. Naliandika kwa sababu ni kweli.

Saa tisa kasoro robo kafungua. Nimebonyeza mara moja tu. Simu yake ikalia.

Kavaa miwani. Kaiweka simu kifuani ili nisione. Kaniuliza jina la baba yangu. Nikamtajia. Jina la mama. Nikamtajia. Kisha akasoma, tarakimu moja, ananisubiri niibonyeze, anasoma nyingine. Mlango ukafunguka.

Nenosiri jipya kanilazimisha niliandike kwenye karatasi, hapohapo. Nikaandika. Mtandao ukakatika. Ukarudi. Barua ya chuo ilikuwa ya tatu kutoka juu. Nikabonyeza kiungo. Kiduara kikazunguka mpaka nikasahau kupumua, kisha ikaandika: asante, nafasi yako imethibitishwa. Saa tisa na dakika kumi na mbili.

Nimelia. Bi Hadija kajigeuza, kajifanya anatafuta ungo.

Baadaye nimeisoma tena barua yangu ya maombi, aya ya pili. Imekwenda hivyo, haifutiki. Kwa maneno hayo ndiyo wamenikubali.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi Dodoma. Mvua ilikatika.

Kanisindikiza hadi kwenye bodaboda. Kabla ya hapo kachukua mkaa, kaandika namba yangu ya sasa kwenye ukuta wa jikoni, tarakimu kubwakubwa. Kasema akipiga mtu kuniulizia atampa hiyo, na nikiibadilisha bila kumwambia atawaambia watu nimekufa. Kanifungia maharage kwenye mfuko. Kasema pia kwamba sina adabu na nisali zaidi. Sikubisha.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani nimekaa nyuma. Mchungaji kauliza safari ya masomo inaendaje, nikasema vizuri. Akina mama wakapiga vigelegele tena. Sikuvipenda.

Mchana nimewapigia shule ya zamani Bahi. Mlinzi kasema mama Lameki bado yupo, nyumba ileile. Mtoto sasa ni kijana, anachoma tofali. Nitakwenda Jumamosi. Sijui nitamwambia nini yule mama, wala nitamwambiaje Lameki, maana bado sijui hata ishara moja. Ninaogopa kwenda. Nitakwenda.

Jioni nimefungua laptopu. Imefunguka bila vita. Ikaleta kisanduku kidogo: namba yako ya simu inaishia na 47, je, bado ni sahihi? Chini yake pana mahali pa kuweka nyingine. Nimeikazia macho muda mrefu. Ya kwangu ya sasa naijua kwa kichwa, ingechukua nusu dakika kuiandika.

Nimebonyeza ndiyo. Kisha nikatoka kuanua nguo, mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa mlimani.