Tunutu Sita Wasio na Waya

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumamosi, saa tisa alasiri

Mpendwa Dada,

Kabla ya salamu, nakuungamia jambo nisilomwambia mtu yeyote: wale tunutu sita, wadudu bandia wa kuvulia samaki trauti, aliotoka nao Baba alfajiri, niliwafunga bila waya.

Sasa, shikamoo. Kifua kimepona? Sisi hatujambo, asubuhi tulikuwa hatujambo wote.

Shuleni insha naziandika kwa lugha ya kigeni. Ungamo hili linakataa kutoka kwa lugha hiyo.

Ulinifundisha mwenyewe pale kwenye jiliwa la kubania ndoana: waya wa shaba kwanza, mizunguko kumi na miwili kwenye ndoana, ndipo unyoya. Bila waya mdudu ni pambo tu, anaelea. Basi waya uliisha Alhamisi. Nikaenda kwa yule fundi wa mota anayetugawia, nikamkuta na wenzake. "Haya, Bubu kaja! Leo utasema, au tuandikiane?" Wakaangua kicheko. Nikarudi mikono mitupu bila hata kuomba, nikafunga kwa uzi wa kahawia.

Walipendeza, Dada. Baba aliwageuza kiganjani, akasema, "Sasa umefikia mkono wa dada yako." Nikawapanga kwenye kisanduku chake.

Unamjua Baba. Tunutu asipozama akirushwa kutoka ukingoni, hamlaumu tunutu. Huingia majini mpaka kiunoni amfikishe kwenye kina, kule penye mwamba. Na usiku kucha mvua imenyesha milimani. Madirisha yamefungwa, lakini mto nausikia mpaka humu chumbani.

Alisema saa sita atakuwa amerudi. Simu aliiacha juu ya kabati. Saa saba Mama alikuwa bado anatania, "Baba yenu akiona samaki husahau kwao." Sasa hatanii. Jirani aliyetumwa kuchungulia ukingoni amerudi peke yake.

Msalimie sana Shemeji, na umbusu mpwa wangu. Mungu awafunike, na atufunike na sisi huku leo.

Ni mimi mdogo wako, ambaye kukupenda hakujapungua,
wa mwisho kuzaliwa

Dada, hatua zinakuja koridoni. Ni Mama. Muda wote huu nilikuwa na daftari la hesabu kando, tayari kuufunika ukurasa. Nimelisukuma huko. Barua yako ataisoma yeye kwanza, ili watu wakamtafute penye mwamba, wasipoteze muda tena ukingoni.