Namba za Azola Iliyokufa

Mbagala Kizuiani,
Temeke, Dar es Salaam.
14 Septemba 2024

Mpendwa Mama Mdogo Adelina,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, acha niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, maana najijua, nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Nimedanganya shuleni, na anayeadhibiwa ni mwingine.

Haya, u mzima? Mguu umeacha kuuma? Baba Mdogo Fransis na mikorosho yake wanaendeleaje? Sie huku tuna afya, ila mie silali vizuri. Ningekupigia, lakini simu ni ya mama, na mama anaongeaga na wewe kwa spika, nyumba nzima inasikia.

Mwezi uliopita Mwalimu Marselino wa hesabu alitupa kila mmoja vishada vinane vya azola, yale majani madogo yanayoelea majini ambayo wafugaji huwapa kuku. Tuviweke kwenye beseni la maji, tuhesabu kila baada ya siku tatu, tuchore grafu. Alisema vikipata hali nzuri vinajizidisha mara mbili kila siku tatu: nane, kumi na sita, thelathini na mbili, hivyo hivyo hadi siku ya kumi na tano. Kisha tungeeleza mbele ya darasa, kwa Kiingereza.

Vyangu nilivitia maji ya kisima chetu. Unayakumbuka yalivyo ya chumvi, ulikuwaga unakataa hata kuyapikia chai. Siku ya sita vishada vyote vilikuwa vyekundu, ya tisa vimeoza. Ningesema tu. Lakini unanijua, mie hata ruhusa ya kwenda chooni siombi, najibana mpaka kengele. Nikachukua kikokotoo nikapiga namba, halafu nikazivuruga kidogo zionekane zimehesabiwa na mtu: kumi na tano badala ya kumi na sita, sitini na mbili badala ya sitini na nne. Ya mwisho, mia mbili hamsini na moja. Mwalimu akanisifu, akasema grafu hiyo inakwenda kwenye maonyesho ya sayansi.

Mfaume anakaa dawati la nyuma yangu. Yeye alihesabu kweli, kimoja kimoja, kwa njiti ya kiberiti. Grafu yake ilipanda vizuri, halafu ikalala. Mwisho sabini na moja. Mwalimu akamwambia amechoka kuhesabu, akabuni. Kiingereza kikamkimbia Mfaume, akasema kwa Kiswahili: "Mwalimu, beseni lilijaa. Vingezaliana wapi?"

Darasa likacheka. Mwalimu akauliza mbona la Editha halikujaa. Wote wakanigeukia. Nikainamia daftari.

Baadaye nimesoma kitabuni, ndivyo ilivyo. Kiumbe kikikosa nafasi, kasi inapungua. Ile mara mbili mara mbili ni ya mwanzo tu. Mfaume aliliona kwa macho. Mie sikuwa na kitu cha kutazama.

Sasa wanamwita Sabini na Moja. Akipanda ngazi wanamuuliza kama amezihesabu zote au amechoka. Anacheka nao, lakini saa ya uji anakaa peke yake. Jumatatu ametakiwa aje na mlezi, aeleze kwa nini ameghushi. Mlezi wake ni bibi yake, anatembelea mkongojo. Asipomleta, haingii darasani.

Nimejaribu kumwandikia mwalimu mara tatu. Kwa Kiingereza inakuwa kama mtihani. Kwa Kiswahili inakuwa kweli mno, nachana.

Nasikia ndala za mama. Tangu asubuhi akikaribia naisukuma karatasi hii chini ya mto. Mama Mdogo, safari hii naiacha hapa mezani.

Mama ameisoma akiwa amesimama. Kafika mwisho, karudia juu. Nikasubiri kofi. Kaniuliza kwa akina Mfaume ni wapi, kisha akasema: "Bibi wa watu hatoki kwake Jumatatu. Shuleni naenda mie, na wewe unatangulia mbele."

Hajanitazama tena. Anapiga pasi sare yangu ya shule, na leo ni Jumamosi.

Nisalimie Baba Mdogo na Venance, na bibi ukimwona. Mungu akushike mkono wewe na mguu wako huo, na uniombee nipate sauti.

Mwanao akupendaye, hata kwa aibu hii,
Editha